Deni la Zamani na Viatu Vipya

Leo tutazungumza juu ya sinema moja. Huenda hamjapata kuiona, wala si lazima muwe mmeiona, maana nitawasimulia kila jambo tunalolihitaji. Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Mwishoni tutaandika.

Sinema yenyewe inaitwa "Hyènes". Neno hilo ni la Kifaransa, na maana yake ni fisi. Ilitengenezwa Senegali, katika Afrika ya Magharibi, ikatolewa mwaka 1992. Inasimulia habari za mwanamke aliyefukuzwa mjini kwao alipokuwa msichana maskini, akarudi uzeeni akiwa na mali nyingi kupita kiasi.

Habari ya mtu kurudi kwao si ngeni kwetu. Mtu amekaa ugenini miaka mingi, siku moja anashuka katika basi na mizigo yake. Watoto wanamkimbilia, wazee wanatoka barazani, vigelegele vinapigwa. Lakini tazameni macho ya watu yanakwenda wapi. Yanakwenda kwenye mizigo. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Kila mtu anajiuliza moyoni, "Ametuletea nini?" Ni wachache wanaojiuliza, "Siku ile alipoondoka, tulimpa nini aende nacho?"

Basi, shikeni maswali hayo mawili, kwa sababu sinema hii imesimama juu yake.

ALIYEITENGENEZA

Aliyeitengeneza ni Djibril Diop Mambéty, mtu wa Senegali. Alizaliwa mwaka 1945 mahali paitwapo Colobane, Dakar. Kwanza alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani. Hakusomea kazi ya sinema katika chuo chochote. Alijifunza kwa kuifanya. Maisha yake yote alitengeneza sinema ndefu mbili tu, na nyingine fupi chache. Alifariki Paris mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 53.

Sinema nyingi zionyeshwazo duniani hutengenezwa na makampuni makubwa, na swali lao la kwanza ni hili: itauza tikiti ngapi? Lakini ziko sinema za namna nyingine. Mtu mmoja ana wazo lake, na hataki kulibadili ili lipendeze wafanyabiashara. Huyo hutafuta fedha huku na huku, kidogo kidogo, mpaka zitoshe. "Hyènes" ni sinema ya namna hiyo. Fedha zake zilipatikana Uswisi, Ufaransa na kwingineko. Watu wake wanasema Kiwolof, lugha ya watu wengi wa Senegali, na wengi wao hawakuwa waigizaji kwa kazi.

Kwa kuwa Mambéty alikuwa mkubwa wa kazi yake mwenyewe, alitia vituko vingi ambavyo kampuni kubwa pengine lingevikataa. Tajiri wa hadithi anafuatana na mlinzi mwanamke kutoka Japani. Mji ni wa vumbi na ukame, lakini siku moja unafunguliwa uwanja wa sherehe wenye gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani. Katikati ya hadithi ya watu tunaonyeshwa tembo wakitembea, na fisi wakinyemelea gizani. Mambéty alieleza kwamba tembo hao aliwapata Kenya, na fisi aliwapata Uganda. Alitaka iwe sinema ya Afrika nzima, isiyofungwa na mpaka wa nchi moja.

HADITHI YENYEWE

Mji wa hadithi unaitwa Colobane, jina lile lile la mahali alipozaliwa Mambéty. Ni mji uliofilisika. Hata viti na meza za ofisi ya mji vinachukuliwa na wadai. Mahali penye uchangamfu ni dukani kwa bwana mmoja aitwaye Dramaan Drameh. Hapo watu hununua vyakula, hunywa, huzungumza. Dramaan ni mtu anayependwa, na inasemwa kwamba yeye ndiye atakayekuwa meya baadaye.

Siku moja inaletwa habari kubwa: Linguère Ramatou anarudi! Linguère lilikuwa jina la cheo la wanawake wa ukoo wa kifalme katika dola za Wawolof. Watu wanasema kwamba mwanamke huyu ni tajiri kuliko Benki ya Dunia. Mji unachangamka. Wakubwa wanakumbuka kwamba zamani, katika ujana wao, Dramaan na Ramatou walikuwa wapenzi. Basi wanamtuma Dramaan awe mbele kumlaki, amlainishe moyo, mama atoe fedha.

Ramatou anafika kwa gari la moshi. Ni mwanamke mzee, mwenye nguo nyeusi na uso usiocheka. Mguu wake mmoja na mkono wake mmoja ni vya bandia, kwa sababu aliwahi kuanguka na ndege. Anafanyiwa karamu. Kisha anatangaza kwamba ataupa mji bilioni 100. Watu wanapiga makelele ya furaha. Lakini anasema kuna sharti moja: Dramaan Drameh auawe.

Kwa nini? Anasimama mzee mmoja aliyekuja pamoja na Ramatou. Zamani mzee huyo alikuwa hakimu, na sasa ni mtumishi wa mama huyo. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Mambéty mwenyewe. Mzee anaikumbusha hadhara kesi ya miaka mingi iliyopita. Ramatou alikuwa na mimba ya Dramaan. Dramaan akaikana mbele ya hakimu. Alileta mashahidi wawili, akawalipa kwa pombe, nao wakasema kwamba wao pia walikuwa wamelala na msichana huyo. Hakimu akasadiki. Dramaan akaoa mwanamke mwenye mali. Ramatou akafukuzwa mjini, akaenda ugenini, akawa malaya. Dunia ilimfanya hivyo. Sasa anataka kuinunua dunia hiyo.

Meya anasimama na kukataa kwa maneno mazito. Watu wote wanampigia makofi. Ramatou hagombani nao. Anasema tu kwamba atangoja.

TAZAMENI VIATU

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo, kwa hiyo tuende polepole.

Baada ya siku ile, watu wa Colobane wanakuja dukani kwa Dramaan kama kawaida. Wanamwambia wako upande wake. Wanamwita ndugu. Lakini wanachonunua si kile cha jana. Jana walitaka kitu cha rahisi. Leo wanataka kizuri. Nao hawalipi. Wanasema, "Niandikie."

Neno hilo mnalijua. Dukani kwetu pia mtu akisema "niandikie" maana yake anakopa, naye mwenye duka anafungua daftari na kuandika jina na kiasi. Basi Dramaan anaandika na kuandika. Mwishowe anatazama chini, anaona miguuni mwao. Huyu ana viatu vipya vya rangi ya manjano. Yule naye ana viatu vya manjano. Wote wana viatu vya manjano, vilivyotoka Burkina Faso!

Hapo Dramaan anaogopa, nanyi mwalimu wenu atawauliza sababu. Fikirini. Mtu maskini akikopa kitu cha thamani, lazima awe na tumaini la kulipa. Watu hawa hawakupata kazi mpya. Mvua haikunyesha. Mavuno hayakuongezeka. Katika mji mzima kuna njia moja tu ya kupata fedha za kulipa madeni yale, na njia hiyo ni kifo cha mwenye duka. Kila aliyevaa viatu vipya ameshaweka rehani, na rehani yenyewe ni roho ya mtu mwingine.

Hakuna aliyesema, "Tumuue Dramaan." Kila mmoja, ukimwuliza, atakujibu kwamba hataki damu. Kila mmoja alichukua jozi moja tu ya viatu, na jozi moja ni kitu kidogo. Lakini wote walipochukua kidogo kidogo, likawa deni la mji mzima, na deni hilo halina njia nyingine ya kulipwa. Wenzetu wa pwani wana methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Katika Colobane harusi ilikuwa ya watu wote, na matanga yakawa ya mtu mmoja.

Dramaan anakimbilia kwa wakubwa wa mji, wale ambao kazi yao ni kumlinda, na kila aendako anakuta maneno mazuri na vitu vipya. Anajaribu kuondoka kwa gari la moshi. Watu wanamfuata stesheni, wanamzunguka. Wanasema wamekuja kumwaga, lakini hawampi nafasi ya kupanda. Gari linakwenda, naye amebaki. Tena siku ya sherehe vinakuja majokofu, feni na televisheni, na watu wanashangilia kama siku ya Idi.

Kwa hiyo nawaomba mwone jambo hili. Mji ulipiga makofi ya kukataa siku ya kwanza. Lakini kura yao ya kweli ilipigwa katika daftari la dukani. Mdomo ulisema hapana, na daftari likasema ndiyo. Mtu ambaye hajui kusoma angesikia maneno yao tu. Anayejua kusoma, akalifungua lile daftari, angejua mwisho wa hadithi kabla haujafika.

HADITHI ILITOKA WAPI

Huenda mmoja wenu anauliza: je, Mambéty alibuni yote haya? La. Hadithi aliichukua kwa mwandishi wa Uswisi, Friedrich Dürrenmatt, aliyeishi tangu 1921 hata 1990. Dürrenmatt aliandika mchezo wa kuigiza juu ya bibi mzee tajiri anayerudi katika mji wake mdogo wa Ulaya, na kutaka mpenzi wake wa zamani auawe. Mchezo huo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1956. Ulaya ilikuwa imetoka katika vita kuu miaka kumi na moja tu nyuma. Watu wake walikuwa wameanza kupata vitu vipya vizuri, na wengi hawakupenda kuulizwa walifanya nini wakati majirani zao walipochukuliwa.

Mambéty alikuwa na sababu yake ya kuutaka mchezo huo. Katika sinema yake ndefu ya kwanza, "Touki Bouki" ya mwaka 1973, kijana mwanamume na msichana wa Dakar wanatamani kwenda Paris. Siku ya safari ikifika, msichana anapanda meli, na kijana anabaki. Mambéty alisema kwamba baada ya miaka mingi alitaka kujua yule msichana aliyeondoka amekuwa nani. Ramatou ndiye jibu lake.

Pia aliiona Afrika ya wakati wake. Katika miaka ya 1980 Senegali, kama nchi nyingi za Afrika, ilikuwa imeelemewa na madeni, ikachukua mikopo yenye masharti kutoka Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndiyo maana watu wa Colobane wanamlinganisha Ramatou na benki hiyo. Mambéty hakuficha mawazo yake: aliamini kwamba tamaa ya vitu vya ng'ambo imewafanya watu wauze kilicho chao. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumpinga. Mkopo wenyewe si dhambi. Shule na visima vingi vimejengwa kwa mkopo. Lakini swali lake linabaki palepale: sharti la mkopo ni nini, na nani atakayelipa?

KWA NINI FISI

Katika hadithi zetu za jioni, fisi ni mlafi na mwoga. Mnaijua habari ya fisi aliyemfuata mtu njiani usiku kucha, akiuona mkono wake unavyopeapea, akidhani sasa hivi utadondoka. Hakutaka kupigana. Alitaka tu uanguke wenyewe, yeye aokote.

Mambéty naye alieleza jina la sinema yake kwa namna inayofanana na hiyo. Alisema fisi anaweza kumfuata simba mgonjwa kwa muda mrefu, mpaka siku simba huyo atakaposhindwa kujitetea. Fisi wa porini ni mnyama mwingine. Wataalamu waliomchunguza wameona kwamba fisi madoa huwinda mwenyewe mara nyingi. Lakini fisi wa hadithi ni yule anayengoja mwenzake aanguke. Watu wa Colobane walifanya hivyo. Walimfuata Dramaan kwa upole, wamevaa viatu vipya, wakingoja.

MWISHO WAKE

Mwishowe Dramaan anaacha kukimbia. Amekwisha kuelewa kwamba deni la zamani ni lake kweli. Yeye na Ramatou wanakaa kando ya bahari wakizungumza, wazee wawili waliopendana zamani.

Kisha wanaume wa mji wanakusanyika mahali pa jangwa. Wamevaa magunia ya mchele na nywele za bandia, hata humjui nani ni nani. Wanasema kwamba wanachofanya ni kwa ajili ya haki, wala si kwa ajili ya fedha. Wanamzunguka Dramaan. Mduara unabana, unabana. Halafu wanatawanyika. Chini limebaki koti lake tu. Hakuna damu, hakuna maiti, na hakuna mtu mmoja unayeweza kumnyoshea kidole ukasema, "Wewe ndiye." Baadaye tunaona matingatinga yakisawazisha ardhi, yakifuta alama zote.

Je, Ramatou alikuwa na haki? Msiharakishe kujibu. Alidhulumiwa kweli, mbele ya hakimu, na mji mzima ulinyamaza. Hilo lilikuwa deni, ingawa halikuandikwa katika daftari lolote. Lau mji ungelikiri mapema, lau Dramaan angelisema kweli, lau wazee wangelimwita na kumwomba radhi, pengine angerudi kama mtoto wa nyumbani. Hakuna aliyefanya hivyo. Walipompokea walimwuliza ameleta nini, wala hawakuuliza alipoondoka walimpa nini. Naye aliyetafuta haki aliinunua kwa fedha, na haki iliyonunuliwa ni ile ile iliyomharibu yeye: shahidi alilipwa zamani kwa pombe, na mji mzima umelipwa sasa kwa viatu.

Mwaka 1992 sinema hii ilishindanishwa katika tamasha kubwa la Cannes, Ufaransa. Tangu hapo imeonyeshwa katika nchi nyingi. Mkipata nafasi ya kuitazama, msijali kwamba hamjui Kiwolof. Tazameni miguu ya watu.

Basi, ndugu zangu, chukueni kalamu.

KAZI YA DARASANI

Kwanza, kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya mtu aliyerudi kijijini au mtaani kwenu baada ya miaka mingi. Usitaje jina lake. Sentensi ya kwanza iseme aliondoka namna gani. Ya pili iseme alipokewa namna gani. Ya tatu iseme watu walitaka nini kwake.

Pili, zungumzeni pamoja maswali haya:
1. Ni siku gani hasa watu wa Colobane walipomwuza Dramaan? Ni siku ile ya magunia, au ni siku nyingine iliyotangulia?
2. Meya angefanya nini siku ya kwanza ili watu wasiingie katika madeni?
3. Ramatou angepata haki yake kwa njia gani nyingine?

Tatu, someni maneno haya kwa sauti, kisha kila moja mlitie katika sentensi yenu wenyewe:

Deni: kitu au fedha ambayo mtu anapaswa kulipa.
Sharti: jambo linalopaswa kutimizwa kabla ya kupewa kitu.
Rehani: kitu anachoweka mkopaji, nacho huchukuliwa asipolipa.
Shahidi: mtu anayesema alichokiona au alichokisikia mbele ya hakimu.
Bandia: kisicho halisi, kilichotengenezwa kifanane na halisi.

Nami nawapeni kazi moja ya nyumbani. Kama una daftari la madeni dukani kwa jirani, kalisome juma hili kwa macho yako mwenyewe, mstari kwa mstari, usingoje kusomewa. Hakikisha kiasi, na jiulize kila deni utalilipa kwa fedha itokayo wapi. Ukiwa na jibu, vema. Ukikosa jibu, zungumza na mwenye duka mapema, kabla ya kusema tena "niandikie".

Hapo ndipo mwisho wa somo letu.